Kichwa Kinachokua Hakingoji: Majibu kwa Madai Saba Yanayosikika Kampemba

Mama akisimama kwenye foleni ya maji pale Bongonga, katika komuni yetu ya Kampemba mjini Lubumbashi, amempakata mtoto wa miezi mitatu ambaye kichwa chake kimewazidi wenzake, haichukui muda kabla ya kupewa ushauri. Wa kwanza atamwambia kuna bulozi nyumbani kwao. Wa pili atamtajia pasta wa kumwombea. Wa tatu atamshika mkono na kumnong'oneza kwamba mtoto akipasuliwa kichwa harudi. Wote wanasema kwa huruma, na ndiyo maana maneno yao yanaingia moyoni haraka kuliko ya munganga.

Ninaandika kuhusu magonjwa mawili ambayo mara nyingi hutembea pamoja. La kwanza ni maji kujaa kichwani. La pili ni mgongo wazi, yaani mtoto kuzaliwa na uti wa mgongo usiofunikwa vizuri na mfupa wala ngozi. Yote mawili yanajulikana, yanapimika na yanatibika kwa upasuaji. Madai yanayozunguka mitaani kwetu, kuanzia Bel-Air hadi Hewa Bora, hayafanani, lakini bei yake ni moja: siku. Kila dai linamnyang'anya mtoto siku, na ubongo unaobanwa hauna siku za kupoteza. Kwa hiyo nitayajibu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: «Ni bulozi»

Maji haya hayakutumwa na mtu. Kila mmoja wetu anayo. Ndani kabisa ya ubongo kuna vyumba vinne vidogo, na humo vishada vya mishipa midogo ya damu hutengeneza maji masafi mchana na usiku. Mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita kwa siku, ilhali ndani ya kichwa na mgongo wake hukaa takriban mililita 150 tu kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba maji hayo huingia, huzunguka, hunyonywa na damu, na kubadilishwa yote mara tatu au nne kila siku. Yanaulainishia ubongo makazi yake na kuukinga usigonge mfupa.

Njia ya maji ikiziba, kiwanda chake hakisimami. Maji yanaendelea kutoka na hayana pa kupita, kama mfereji wa mtaani uliozibwa na taka mvua ya Desemba inaponyesha. Kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana bado, kichwa hutanuka. Hiyo ndiyo siri yote ya kichwa kikubwa.

Na nani huiziba njia? Katika mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, daktari mpasuaji Benjamin Warf aliwachunguza watoto 300 mfululizo waliofikishwa hospitalini na maji kichwani, na mwaka 2005 akachapisha alichokikuta. Karibu sita katika kila kumi walikuwa wamepata tatizo hilo baada ya maambukizi, mengi yakiwa ya wiki za mwanzo za maisha. Mtoto alipata homa, akapata degedege, akaonekana kupona; wiki chache baadaye kichwa kikaanza kukua. Mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi na hospitali hiyohiyo walitangaza kwamba katika maji ya ubongo wa baadhi ya watoto hao wamekuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus. Aliyeziba njia ni kijidudu, na kijidudu hakisikii kelele za maombi ya usiku kucha. Kinasikia dawa ya antibiotiki iliyotolewa mapema. Wengine huzaliwa njia ikiwa nyembamba au imefungwa, na hao pia hawakurogwa na yeyote.

Dai hili lina ubaya wa pili. Linamtafuta mwenye kosa, na mara nyingi linamwangukia bibi mzee, au mke mwenza, au mtoto mwenyewe. Katiba ya nchi yetu ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumtuhumu mtoto bulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu ya kifungo kwa anayefanya hivyo. Anayemwita mtoto mgonjwa ndoki, yaani mlozi, anamdhuru mara mbili, na anavunja sheria.

Dai la pili: «Mama ndiye aliyeiharibu mimba»

Dai hili hutumika zaidi mtoto anapozaliwa na mgongo wazi. Mama huulizwa alikula nini, alibeba nini, alitembea wapi usiku. Hebu tuhesabu siku. Mfereji ambao baadaye unakuwa ubongo na uti wa mgongo huanza kama utepe bapa unaojikunja na kujifunga wenyewe, na kazi hiyo inakamilika takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Siku hiyo wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Basi mtu atalaumiwaje kwa jambo lililotokea kabla hajajua kwamba lipo?

Kinachosaidia tunakijua tangu mwaka 1991. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi saba na kuchapishwa katika jarida la Lancet, uliwafuata wanawake ambao tayari walikuwa wamewahi kupata mimba ya mtoto mwenye tatizo hili. Waliopewa vitamini iitwayo asidi ya foliki kabla ya mimba nyingine na mwanzoni mwake walipunguziwa hatari ya kurudiwa kwa asilimia 72. Ni vitamini ya bei ndogo, inayopatikana pia katika maharage na mboga za majani. Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku tangu mwanamke anapoanza kutafuta mtoto mpaka wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kipimo kikubwa zaidi, na hicho kitolewe na daktari.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Vidonge vinavyotolewa kliniki kwenye mwezi wa nne ni vizuri kwa damu ya mama, lakini kwa mgongo wa mtoto vimechelewa. Mlango ulishafungwa, au haukufungwa, miezi mitatu nyuma. Ndiyo sababu nchi kadhaa zimeamua kuitia vitamini hii kwenye unga, ili imfikie mwanamke kabla hajaitafuta. Tanzania na Kenya zina sheria za namna hiyo tangu muongo uliopita, na mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zote. Bukari, yaani ugali wetu, huliwa karibu kila nyumba ya Kampemba. Chombo cha kuifikisha vitamini hii tunacho mezani kila siku. Kinachobaki ni uamuzi wa serikali na wenye vinu.

Dai la tatu: «Ni madini, na juu ya madini hatuna la kufanya»

Katika madai yote saba, hili ndilo lenye ukweli ndani yake, na ukweli huo lazima usemwe waziwazi. Kati ya Machi 2013 na Februari 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji waliwachunguza hapa mjini watoto wachanga 138 wenye kasoro za kuzaliwa zinazoonekana kwa macho, wakawalinganisha na wachanga 108 wasio na kasoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Planetary Health. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko yote ni kazi ya baba. Mtoto ambaye baba yake alifanya kazi ya madini alikuwa na uwezekano wa kasoro mara tano na nusu hivi kuliko mwingine.

Tusiudharau utafiti huo, na tusiubebeshe usichokibeba. Ulihusu kasoro za aina nyingi, si za ubongo na mgongo peke yake. Idadi ya watoto haikuwa kubwa, kwa hiyo makadirio yenyewe ni mapana: hatari halisi inaweza kuwa ndogo sana kuliko hapo, au kubwa zaidi. Lakini tangu mwaka 2009 watafiti wa chuo hichohicho walikuwa wameshaonyesha kwamba wakazi wa maeneo ya migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno kwenye mkojo wao. Mji uliojengwa kuzunguka kiwanda cha kuyeyushia shaba una haki ya kuuliza, na wenye migodi na viwanda wana wajibu wa kujibu kwa vipimo vya vumbi, maji na udongo vilivyo wazi kwa umma.

Uongo wa dai hili uko kwenye nusu yake ya pili. La kufanya lipo. Baba anayechimba au anayefanya kazi ya kuyeyusha anaweza kuacha nguo na viatu vya kazi nje ya nyumba, kuoga kabla ya kumkumbatia mkewe na watoto, na kudai bafu na nguo za kazi kwa mwajiri wake. Madini ya gunia yasilale chumbani. Vumbi ndani ya nyumba lipanguswe kwa kitambaa chenye maji kuliko kufagiliwa likapaa. Asidi ya foliki inabaki na faida yake hata kwa mke wa mchimbaji. Na hata kama ingethibitishwa kesho kwamba tatizo la mtoto fulani lilitoka mgodini, tiba yake haibadiliki: maji yaliyojaa kichwani yanatolewa kwa upasuaji uleule. Kesi ya madini na matibabu ya mtoto ni mambo mawili, na la pili haliwezi kusubiri hukumu ya la kwanza.

Dai la nne: «Tungoje, kichwa kitapungua chenyewe»

Wapo watoto wachache ambao maji yao husimama yenyewe. Anayeweza kuwatambua ni daktari aliyepima zaidi ya mara moja. Jirani hawezi. Kwa wengine wote, kungoja ni kuuacha ubongo ubanwe kwenye fuvu lake mwenyewe. Kichwa kinaweza kuja kuacha kukua, lakini macho yaliyopofuka na akili iliyoharibika havirudi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme. Ni utepe kama wa fundi cherehani. Uzungushe juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio, upite sehemu ya nyuma iliyotokeza zaidi, kisha uandike namba na tarehe. Mtoto aliyetimiza miezi ya kuzaliwa huja duniani na kichwa cha takriban sentimita 35. Katika miezi mitatu ya kwanza kichwa huongezeka kama sentimita 2 kila mwezi, miezi mitatu inayofuata sentimita 1, na baada ya hapo nusu sentimita. Kinachokimbia kuliko hapo kipelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Kipelekwe pia ukiona utosi umevimba na kukaza mtoto akiwa ametulia amekaa, mishipa ya kichwani imetokeza, mtoto anatapika bila sababu, analala kupita kiasi, au macho yake yanatazama chini kama jua linalotua.

Na wala usiogope kwamba uchunguzi ni lazima uanze na mashine kubwa. Maadamu utosi haujafunga, ultrasaundi ileile inayomwonyesha mtoto tumboni inaweza kupitishwa hapo na kuonyesha vyumba vya maji. Ni dirisha ambalo Mungu amelifungua kwa miezi michache tu. Likitumika mapema linaokoa gharama ya skana.

Kwa mgongo wazi muda ni mfupi zaidi. Uvimbe au kidonda mgongoni hufungwa na mpasuaji vizuri zaidi ndani ya siku mbili au tatu za kwanza, kabla vijidudu havijapanda kwenye ubongo. Njiani, kifunike kwa kitambaa kisafi kabisa kilicholoweshwa maji ya chumvi ya hospitali, na mtoto alazwe kifudifudi au kwa ubavu. Mizizi, majivu na mafuta havigusi hapo.

Dai la tano: «Kupasua kichwa ni kuua, na wenye kuweza wako India tu»

Upasuaji wa ubongo una hatari, na daktari mkweli huitaja. Inaweza kutokea damu kuvuja. Yanaweza kuingia maambukizi. Lakini mizani lazima ipimwe pande zote mbili. Upande wa pili wa mizani hakuna mtoto mzima; yuko mtoto ambaye ubongo wake unabanwa kila saa.

Njia ya kawaida ni mrija mwembamba unaoanzia kwenye chumba cha maji, ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, hadi tumboni, ambako mwili hunyonya maji hayo. Katikati kuna vali inayozuia maji yasishuke mengi wala yasirudi. Historia ya vali hiyo inafaa isimuliwe katika mji wa mafundi kama huu. Mwaka 1955, John Holter, fundi wa kiwanda cha vitasa na kufuli huko Philadelphia, Marekani, alipata mtoto mwenye mgongo wazi na maji kichwani. Hakuwa daktari. Aliona shida ya kufungua na kufunga maji kwa kipimo kuwa shida ya ufundi, akatengeneza vali kwa mikono yake, na mwaka 1956 madaktari wakaanza kuitumia kwa watoto.

Njia ya pili haiachi kitu mwilini. Mpasuaji huingiza kamera nyembamba ndani ya ubongo, akatoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia mpya, kisha akachoma sehemu ya vishada vinavyoyatengeneza. Muungano huo wa mbinu mbili kwa watoto wachanga ulikuzwa Mbale, Afrika, na Warf na wenzake, kwa sababu waliona mama anayeishi mbali hawezi kuwahi hospitali mrija unapoziba. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya watoto 100 wa Uganda waliogawanywa kati ya njia hizo mbili. Baada ya mwaka mmoja hawakuonekana kutofautiana kwa ukuaji wa akili kwa kiwango cha kutiliwa maanani. Leo hospitali za nchi tajiri zinajifunza kilichofanyika Mbale.

Kuhusu gharama, Warf aliwafuatilia watoto 195 waliowekewa mirija ya aina mbili. Mmoja, uliotengenezwa India, uligharimu takriban dola 35. Mwingine, wa kampuni ya Marekani, takriban dola 650. Baada ya mwaka matokeo hayakutofautiana. Mtoto hakuhitaji kitu cha bei kubwa. Alihitaji mpasuaji aliyefika kwake mapema.

Na wapasuaji hawako India tu. Kwa mkazi wa Kampemba, pa kuanzia ni hospitali kubwa za mjini mwetu, Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu, ambako mtoto hupimwa na kuandikiwa barua ya rufaa inapohitajika. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, mjini Lusaka nchini Zambia, kuna hospitali ya watoto ya CURE. Mbali zaidi ziko Mbale, Kijabe nchini Kenya, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, na Mnazi Mmoja huko Zanzibar. Ni safari, tena safari yenye gharama. Lakini kwa sehemu kubwa ni safari ya barabara ambazo wafanyabiashara wetu wanazijua.

Dai la sita: «Akishawekewa mrija, kazi imekwisha»

Dai hili halitoki kwa wenye hofu. Linatoka kwa wazazi waliofurahi, nalo limewaua watoto waliokwisha kuokolewa. Mrija ni kifaa, na kifaa huchakaa. Kwa hesabu ya hospitali nyingi duniani, takriban nusu ya mirija huharibika ndani ya miaka miwili ya mwanzo, kwa kuziba, kukatika au kuingiwa na vijidudu. Hata tundu la kamera linaweza kujifunga.

Kwa hiyo kila mwenye kumlea mtoto huyo, pamoja na bibi na dada wa nyumbani, ajue dalili: kutapika, kichwa kuuma, usingizi usio wa kawaida, homa, degedege, uvimbe au wekundu kwenye njia ya mrija, na kwa mdogo, utosi kujaa tena. Dalili hizi zikitokea usiku, mtoto aende usiku huohuo. Si malaria mpaka ipimwe. Barua ya upasuaji ikae mahali pamoja ambapo kila mtu nyumbani anapajua, ili munganga wa zamu asipoteze saa kuuliza.

Dai la saba: «Mtoto wa namna hii hatasoma»

Hapa jibu linategemea chanzo na muda. Mtoto ambaye maambukizi yaliuharibu ubongo kabla ya maji kujaa anaweza kubaki na ulemavu hata baada ya upasuaji mzuri, na wazazi wake wana haki ya kuambiwa hivyo kwa upole. Lakini wengi wenye mgongo wazi wana akili ya kawaida. Wanachokosa ni nguvu ya miguu na udhibiti wa haja.

Udhibiti huo nao una ufumbuzi. Tangu mwaka 1972, daktari Jack Lapides wa Michigan alipoonyesha kwamba kibofu kinaweza kumwagwa mara kadhaa kwa siku kwa mrija msafi na mikono iliyonawiwa, kazi hiyo imekuwa ikifundishwa kwa akina mama, na baadaye kwa watoto wenyewe. Inazuia figo kuharibika na inamwezesha mtoto kukaa darasani akiwa mkavu. Shule ya msingi ya serikali imetangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Mwalimu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya kiti cha magurudumu hana sheria ya kujifichia.

Madai saba yamejibiwa. Naomba mambo matatu kwako unayesoma. Ukiwa mzazi, nunua utepe, pima kichwa cha mwanao kila mwezi, na uandike. Ukiwa pasta au mchungaji, mwombee mtoto, kisha panda naye gari hadi Sendwe siku hiyohiyo. Sala haikatazi safari. Ukiwa jirani kwenye foleni ya maji, usimpe mama huyo jina la mlozi. Mpe nauli, au mshikie mtoto mwingine ili yeye aende. Kichwa kinachokua hakingoji.